Kitasa kipya na siku za mbalamwezi: kisa cha ndugu watatu na fleti moja Mwanza

Kisa hiki kilipita kwenye dawati letu la msaada wa kisheria jijini Mwanza. Majina, mtaa na namba ya jengo vimeondolewa, na fedha zimezungushwa bila kuharibu uwiano. Wahusika nawaita Mkubwa (dada, kifungua mimba), Wa Kati (kaka) na Kitinda (dada, kitinda mimba). Wote watatu waliridhia kisa kiandikwe, ila Wa Kati alitaka iandikwe pia kwamba yeye hakuvunja mlango. Ni kweli, hakuvunja.

Mazingira

Fleti iko ghorofa ya tatu: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, choo cha ndani na kibaraza cha nyuma kinachotazama ziwa. Kutoka hapo hadi soko la samaki la Kirumba Mwaloni ni mwendo wa miguu, na nusu ya ugomvi imezaliwa na ukaribu huo.

Baba yao aliinunua alipokaribia kustaafu, akaugulia humo, akafariki 2019. Mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, Mkubwa akawa msimamizi. Mwaka 2021 mirathi ilifungwa na hati ikahamishiwa kwa watoto watatu, kila mmoja theluthi.

Hapo kuna jambo la kushika kabla ya kwenda mbele. Walimilikishwa kwa hisa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, mmiliki wa hisa ana fungu katika mali yote, wala hana kona yake. Theluthi ya Kitinda haikuwa chumba kidogo, wala theluthi ya Mkubwa haikuwa sebule. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuingia kila mahali, siku yoyote. Ukiitazama haraka ni haki tamu. Ukiwapa watu watatu wenye ratiba tatu, ni mwaliko wa ugomvi.

Mkubwa ni mtumishi wa umma Dodoma. Anakuja na watoto likizo ya Juni na ya Desemba. Wa Kati anaishi Nansio, Ukerewe, na kazi yake ni dagaa: ananunua visiwani, anavusha, anauza Mwaloni. Kitinda yupo hapa hapa mjini, amepanga upande wa Buhongwa. Yeye ndiye aliyeishi na mzee katika fleti hiyo mpaka siku ya mwisho, kisha akahama msiba ulipokwisha kwa sababu wakubwa walisema nyumba ni ya wote.

Hawakuandikiana chochote kuhusu matumizi. Kauli iliyobaki kutoka kikao cha arobaini ni moja: “Kila mtu atafikia pale akija mjini.”

Yaliyotokea

Miaka miwili ya kwanza baada ya hati kutoka, kauli hiyo ilitosha. Kitinda alikuwa ananunua umeme, analipa maji, na kila mwezi analipa ada ya huduma kwa chama cha wamiliki wa jengo: mlinzi, usafi wa ngazi, pampu ya maji. Alikuwa anaandika kila kitu kwenye kauntabuku, na wenzake hawakujua kama kuna kauntabuku.

Desemba 2023 mambo mawili yalikutana. Chama cha wamiliki kilileta barua ya malalamiko: majirani wa ghorofa ya nne hawawezi kufungua madirisha kwa harufu ya dagaa kwenye kibaraza. Wiki hiyo hiyo Mkubwa alifika na watoto, akakuta magunia manne yamesimamishwa nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Pazia la chumba hicho lilifuliwa mara tatu na bado lilinuka. Maneno yaliyotupwa mbele ya watoto hayana haja ya kurudiwa hapa.

Januari 2024 baba mdogo aliita kikao cha ukoo. Alitoa uamuzi ambao mtu yeyote angeuona wa haki: mwezi ugawanywe mara tatu. Kitinda tarehe 1 hadi 10, Mkubwa 11 hadi 20, Wa Kati 21 mpaka mwisho wa mwezi. Wote wakaitikia, chai ikanywewa.

Mgawo huo ulikufa kabla ya Pasaka, na sababu iko juu angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, taa zinawavuta. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa wanatawanyika na mitumbwi mingi inapumzika. Kwa mfanyabiashara wa dagaa mwezi una siku za giza, ambazo ni za kazi, na siku za mbalamwezi, ambazo ni za kukaa nyumbani kushona nyavu na kudai madeni. Mwaka 2024 mwezi ulipevuka 25 Januari, 24 Februari, 25 Machi na kati ya 23 na 24 Aprili. Yaani miezi minne mfululizo siku kumi za Wa Kati ziliangukia katikati ya mbalamwezi.

“Baba mdogo kanipa siku ambazo hata paka wa Mwaloni wamelala,” alisema baadaye. “Nije mjini kufanya nini, kuhesabu bodaboda?”

Aliamini amefanyiwa makusudi. Haikuwa hivyo, baba mdogo ni mwalimu mstaafu na kalenda yake ni ya shule. Lakini Wa Kati hakuuliza, na mwingine hakumuuliza. Akaanza kuja siku za giza kama zamani, yaani siku za wenzake. Machi aliingia saa nne usiku akakuta wasichana wawili wasiomjua wamelala chumba kikubwa. Walikuwa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya mjini. Kitinda alikuwa amewapangisha chumba kwa mwezi, hakumwambia mtu.

Aprili Kitinda alibadilisha kitasa. Sababu aliyoitoa ni usalama wa wapangaji. Sababu ya pili aliitoa wiki nyingi baadaye, nitaifikia.

Juni 2024 Mkubwa alishuka stendi ya Nyegezi usiku na watoto watatu na mabegi. Walipofika mlangoni ufunguo haukuzunguka. Simu ya Kitinda ilikuwa imezimwa. Alikuwa kwenye mkesha wa msiba Geita. Walilala lodji. Asubuhi Mkubwa alileta fundi, kitasa kikang'olewa mbele ya mlinzi, na jioni Kitinda alikuwa kituo cha polisi akidai nyumba yake imevunjwa. Polisi walisikiliza pande zote mbili, wakaomba kuona hati, wakaona majina matatu, wakasema hili ni suala la madai. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyewaelekeza kwenye msaada wa kisheria.

Kwa nini hawakukimbilia Barazani

Mkubwa alitaka kesi. Alikuwa amechora kichwani njia nzima: Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, amri, faini, kimya.

Tulianza kwa kumweleza njia ilivyo. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha. Shauri la ardhi halisikilizwi Baraza la Wilaya mpaka Kata ithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi kukamilika. Kwa hiyo hata anayetaka kesi hupitia kwanza kwenye benchi la kupatanishwa.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Baraza lingeweza kusema nani ni mmiliki, na hilo halikuwa na ubishi. Lingeweza kumzuia Kitinda asiwafungie wenzake nje. Lakini wamiliki wa hisa wasipoelewana kabisa, sheria inaelekea kwenye kugawa mali, na isipogawanyika, kuiuza na kugawana fedha. Fleti ya vyumba viwili yenye choo kimoja haigawanyiki. Kesi ingeishia kuuza, na kati ya watatu hao hakuna hata mmoja aliyetaka kuuza. Mkubwa aliposikia hivyo alinyamaza, kisha akauliza: “Sasa nyie mnashauri nini?”

Tuliangalia pia kama hili ni suala la mirathi au la ardhi. Mirathi ilikuwa imefungwa na hati imeshatoka kwa majina yao, basi ni la ardhi. Kama hati ingekuwa bado kwa jina la marehemu, ingebidi warudi kwa msimamizi na mahakama iliyomteua, na muda mwingi ungeliwa kwenye mlango usio wao. Tunaona familia nyingi zikipotelea hapo.

Fedha kwanza

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa siku kabla ya kugusa fedha. Kila mmoja alipokuwa anasema “siku zangu”, sauti ilipanda kwa jambo jingine: nani amekuwa anabeba nyumba hii. Kujadili ratiba huku deni limefunikwa ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Kitinda alileta kauntabuku lake. Mkubwa alileta ujumbe wa miamala ya simu. Wa Kati hakuwa na karatasi, ila alikuwa na tangi la maji jipya jikoni na mabomba ya choo aliyobadilisha, na fundi aliyeyafanya alikuwa anapokea simu. Tukatenganisha matumizi katika mafungu mawili. Umeme, maji na gesi ni vya aliyekaa. Ada ya huduma, pampu, mabomba, tangi na kodi ya jengo ni vya mmiliki, na vinagawanywa kwa hisa hata kwa yule ambaye hakulala humo usiku mmoja.

Kodi ya jengo ilileta mjadala kuliko ukubwa wake. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa bila hata kujua. Kitinda alikuwa ameilipia nyumba ya watu watatu tangu makato hayo yaanze. Tulipofungua ujumbe wa LUKU kwenye simu yake na kumwonyesha Mkubwa mstari wa makato, mwezi baada ya mwezi, hoja ya kwamba Kitinda “anatumia nyumba bure” ilikufa palepale mezani.

Gharama za umiliki zilijumlika shilingi 1,800,000. Kitinda alikuwa ametoa 1,260,000, Mkubwa 300,000, Wa Kati 240,000. Fungu la kila mmoja ni 600,000, kwa hiyo Kitinda alikuwa anawadai: Mkubwa 300,000, Wa Kati 360,000. Lakini upande wa pili, wapangaji wa Kitinda walikuwa wameingiza 450,000 baada ya matumizi. Pango la mali ya pamoja ni la wote, kwa hiyo kila ndugu alikuwa na 150,000 humo. Baada ya kukatana, Mkubwa alibaki na deni la 150,000 na Wa Kati 210,000.

Kitinda alitaka zaidi: walipe pango kwa siku walizolala. Hapo tulimkatalia. Mmiliki mwenza hadaiwi pango kwa kulala kwenye mali yake. Anayejiweka kwenye hatari ya kudaiwa ni yule aliyewafungia wenzake nje, na tangu Aprili huyo alikuwa yeye. Hakupenda kusikia, ila alielewa haraka.

Na hapo ndipo sababu ya pili ya kitasa ilitoka, tena si kwa kinywa chake. Mama mdogo, aliyekuja kama shahidi tu, alisema: “Huyu mtoto amemwogesha baba yenu miaka mitatu. Mkamtoa na godoro lake siku ya arobaini. Mnashangaa kitasa?” Wa Kati aliinama. Mkubwa alisema yeye alikuwa anatuma hela ya dawa, na ni kweli alikuwa anatuma. Kikao hicho hakikuendelea tena siku ile, na ilikuwa sawa kukiacha hapo.

Kalenda ya ukutani

Kwenye kikao kilichofuata tulitandika mezani kalenda kubwa ya ukutani, zile zinazoonyesha mwandamo wa mwezi. Wa Kati alipewa peni nyekundu azungushie siku za giza. Mkubwa alipewa ya bluu kwa likizo za shule. Kitinda aliulizwa anataka siku zipi, akasema hataki siku. Ana kitanda Buhongwa. Anataka chumba kikubwa kiingize pesa.

Hapo ndipo mgogoro ulipobadilika sura. Watu watatu walikuwa wamepigania siku thelathini wakati mmoja wao hakuzihitaji kabisa, mwingine alihitaji wiki chache za mwaka, na mmoja tu alihitaji kulala humo kila mwezi, tena chumba kidogo kinamtosha.

Makubaliano yaliandikwa na kusainiwa na wote watatu mbele ya wakili. Chumba kidogo ni cha Wa Kati siku zote za giza, na kinafungwa mbalamwezi. Chumba kikubwa Kitinda anakipangisha kwa wanafunzi, nje ya Juni na Desemba, kwa idhini ya maandishi ya wote. Anachukua asilimia kumi kwa kazi ya kusimamia, kinachobaki kinalipa kwanza ada ya huduma na matengenezo, halafu ndipo wanagawana. Juni na Desemba fleti nzima ni ya Mkubwa na watoto. Giza likiangukia humo, Wa Kati analala lodji na mfuko wa nyumba unalipa. Funguo ni tatu, na ya nne iko kwa mtunza jengo kwenye bahasha iliyosainiwa. Kitasa hakiguswi bila saini tatu. Dagaa hawapandi ngazi. Magunia yanapangishiwa stoo Mwaloni.

Asilimia kumi ilibishaniwa kuliko yote. Mkubwa aliiona kubwa. Sisi tuliitetea, kwa sababu ilikuwa mahali pekee kwenye karatasi ambapo kazi ya Kitinda kwa nyumba ile ilipata jina.

Matokeo

Madeni yalilipwa ndani ya miezi mitatu, Wa Kati kwa awamu. Tangu chumba kikubwa kianze kupangishwa rasmi, ada ya huduma haijachelewa na wenzake hawajaambiwa wachange. Chama cha wamiliki hakijaandika barua nyingine.

Desemba 2024 ndiyo ilikuwa mtihani. Mwezi ulipevuka tarehe 15, na giza likaangukia kuanzia Krismasi mpaka mwaka mpya, wakati biashara ni kali na fleti imejaa watoto. Wa Kati alikwenda lodji kama ilivyoandikwa. Alichagua yenye kiyoyozi na kifungua kinywa. Karatasi haikusema lodji ya bei gani, na risiti ilipokuja, kundi la WhatsApp la familia liliwaka siku mbili. Sasa kuna kiwango cha juu kwa usiku.

Machi 2025 bomba lilipasuka wapangaji wakiwa darasani, maji yakashuka ghorofa ya pili. Kitinda alisubiri idhini ya kutumia fedha za mfuko. Mkubwa alikuwa kwenye mafunzo, Wa Kati yuko majini bila mtandao. Kusubiri huko kuliwagharimu dari ya jirani. Kipengele kipya kinamruhusu Kitinda kutumia hadi 150,000 kwa dharura na kutoa taarifa baadaye.

Kilichofanya kazi, kilichoshindikana

Mgawo wa baba mdogo ulikuwa sawa kwa hesabu na mbovu kwa maisha. Uligawa siku bila kuuliza kila siku ina thamani gani kwa nani. Wasuluhishi wa kifamilia hupenda theluthi kwa sababu haimpendelei mtu, lakini hisa sawa hazidai siku sawa. Zinadai faida na mzigo sawa. Swali la kwanza kwa wamiliki wenza linapaswa kuwa “nyumba hii inakusaidia nini?” kabla ya “unataka siku ngapi?” Hapa Kirumba jibu lilikuwa angani, kwa familia nyingine litakuwa msimu wa pamba au zamu za wodini.

Kutanguliza fedha kulisaidia, na karatasi zilifanya kazi kuliko maneno yetu yote. Kauntabuku la Kitinda lingetolewa mapema, pengine kitasa kisingebadilishwa.

Kilichobaki kibovu ni marufuku ya dagaa. Wa Kati hapandishi magunia, lakini kila giza anapanda na mfuko wa sampuli wa kuonyesha wateja, na mfuko unanuka kama gunia. Wanafunzi wamelalamika. Kitinda anamfichia kaka yake, jambo ambalo mwaka juzi lisingewezekana, na kwa hiyo hatujalishupalia.

Pia makubaliano hayana njia ya kutoka. Mmoja akitaka kuuza theluthi yake kwa mtu wa nje, sheria inamtaka apate idhini ya maandishi ya wenzake, nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya msingi. Lakini bei itapangwaje, ndugu wapewe miezi mingapi ya kujikusanya wanunue wao? Walikataa kulijadili, wakisema ni kumwita mkosi. Rasimu ya kipengele hicho iko kwenye faili bila saini.

Walichokubali kuongeza, mama mdogo akisukuma, ni cha kifo. Kwa umiliki wa hisa, fungu la marehemu halirudi kwa ndugu waliobaki. Linakwenda kwa warithi wake. Wameandika kwamba mmoja akifariki, ufunguo wake unakaa kwa mtunza jengo mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, na siku zake zinaendelea kutumiwa na watoto wake kupitia msimamizi huyo. Wa Kati ana watoto sita. Mkubwa alisaini baada ya kusoma kipengele hicho mara mbili.